Zawadi za Insha na Haki ya Mwandishi Mwanafunzi

Utangulizi

Kutunza ni jambo la kale katika utamaduni wetu. Manju aliyewashinda wenzake ngomani hutunzwa. Malenga aliyelifumbua fumbo la mwenziwe hutunzwa. Bibi arusi akitolewa nje hutunzwa. Anayetunza hutoa, anayetunzwa hupokea, na mambo yakaishia hapo. Hatujapata kusikia kwamba manju, baada ya kufungwa khanga kiunoni na kubandikwa noti kwenye paji la uso, alitakiwa na waliomtunza awaachie wimbo wake uwe mali yao, na jina lake lisitajwe tena.

Tunaanza na jambo hili kwa sababu katika makala haya tunakusudia kuchunguza kutunza kwa namna nyingine, kuliko na mazoea makubwa mashuleni mwetu, nako ni mashindano ya insha. Hasa tutayatazama mashindano ambayo mada yake ni sheria ya miliki ubunifu, yaani jumla ya haki anazopewa mtu juu ya kazi ya akili yake: hakimiliki juu ya maandishi, nyimbo, picha na filamu; hataza juu ya uvumbuzi; na alama za biashara juu ya bidhaa na huduma.

Mashindano haya yana sifa moja isiyopatikana katika mengine. Mwanafunzi anayeandika insha juu ya hifadhi ya misitu si msitu, na anayeandika juu ya ukusanyaji wa kodi si mkusanya kodi. Lakini anayeandika insha juu ya haki za mwandishi ni mwandishi tayari, na haki anayoieleza ni yake tangu anapoweka nukta ya mwisho. Kwa hiyo mashindano ya namna hii humfundisha mwanafunzi mara mbili: mara ya kwanza kwa mada yake, na mara ya pili kwa masharti yake. Hoja yetu ni kwamba mafunzo haya mawili aghalabu hupingana, na kwamba yanapopingana, mwanafunzi hushika yale ya pili.

Historia fupi

Kumshindanisha mwanafunzi kwa kalamu si jambo jipya. Mashindano ya insha ya Jumuiya ya Kifalme ya Madola, ambayo huhesabiwa kuwa ya zamani kuliko yote ya kimataifa kwa watoto wa shule, yalianza mwaka 1883. Hapa kwetu, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa na kazi ya kusanifisha Kiswahili, lakini miongoni mwa shabaha zake ilikuwamo pia ya kuwatia moyo na kuwasaidia waandishi ambao Kiswahili ndiyo lugha yao. Katika mwaka 1957 na 1958 Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki liliendesha shindano la kuandika hadithi kwa Kiswahili, na mshindi wa kwanza akawa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Muswada wake, Mzimu wa Watu wa Kale, ulichapishwa mwaka 1960, na kwa njia hiyo wasomaji wakamjua Bwana Msa, mpelelezi wa kwanza mashuhuri katika riwaya ya Kiswahili.

Mfano huu una somo. Shindano lile halikuishia katika kumpa mshindi fedha na kumpiga picha. Lilimtoa mwandishi, likamwekea jina lake juu ya jalada, naye akaendelea kuandika kwa miaka mingi baadaye. Roho hiyo inaonekana tena katika Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023: pamoja na fedha, shabaha yake ni kwamba miswada ya washindi ichapishwe na kusomwa. Kwa upande wa wanafunzi, Jumuiya ya Afrika Mashariki na Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika zimekuwa zikiendesha mashindano ya insha kwa shule za sekondari za nchi wanachama, na vijana wa Tanzania wamekuwa wakishiriki.

Zawadi kwa insha za sheria ya hakimiliki nazo zina historia yake mahali pengine. Huko Marekani, chama cha watunzi wa muziki kiitwacho ASCAP, kilichoanzishwa mwaka 1914, kilianza katika miaka ya 1930 kuwatunza wanafunzi wa vyuo vya sheria kwa insha bora juu ya hakimiliki, kwa kumbukumbu ya mwanasheria wake, Nathan Burkan. Insha zilizoshinda kwa miaka mingi zilikusanywa na kutolewa katika vitabu, kila moja kwa jina la mwandishi wake, zikasomwa na mawakili na mahakimu. Hatuutaji mfano huu kwa kusudi la kuwaiga Wamarekani. Tunautaja ili ionekane kwamba insha ya mwanafunzi inaweza kuchukuliwa kuwa mchango katika elimu, badala ya kuwa zoezi la siku moja.

Bahasha mbili za insha

Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa, pamoja na walimu wengine, tuwe waamuzi wa shindano la insha lililozishirikisha shule kadhaa za sekondari za Temeke na Kinondoni. Mada ilitolewa kwa Kiingereza, nayo iliwataka wanafunzi waeleze umuhimu wa kulinda miliki ubunifu kwa maendeleo ya taifa. Tuliletewa bahasha mbili kubwa za insha, pamoja na karatasi ya kutolea alama.

Tulipofika katika insha ya tano au ya sita tuligundua kwamba tulikuwa tunasoma aya moja. Waandaaji walikuwa wamezigawia shule kijitabu kidogo chenye maelezo ya sheria, na wanafunzi wengi walikuwa wamenakili kutoka humo aya ya kulaani wizi wa kazi za watu. Waliinakili neno kwa neno, pamoja na kosa lake la chapa, bila ya kutaja ilikotoka. Wizi wa maandishi ulikuwa unalaaniwa kwa maandishi ya kuibiwa. Hilo lingeweza kutuchekesha, kama si kwamba sisi wenyewe tulizipa insha zile alama nzuri. Karatasi ya alama ilitaka tutazame usahihi wa lugha, mpangilio wa aya na kutajwa kwa vifungu vya sheria. Na aya iliyonakiliwa ilikuwa na lugha sahihi, mpangilio mzuri na vifungu viwili.

Katika bahasha ya pili ilikuwamo insha ya msichana mmoja wa Mbagala. Kiingereza chake kilikuwa cha kuchechemea. Hakutaja kifungu hata kimoja. Alieleza habari ya bibi yake, ambaye ujanani alikuwa manju wa mdundiko, ngoma ya Wazaramo inayozunguka mitaani wakati wa arusi na wakati wa kumtoa mwali. Bibi huyo alitunga wimbo kwa ajili ya arusi ya jirani. Baada ya miaka mingi, kijana mmoja alikuja na chombo cha kunasia sauti akamwomba auimbe, naye akauimba. Kisha siku moja, wakiwa ndani ya daladala, bibi na mjukuu waliusikia wimbo uleule ukitoka katika spika, umetiwa vinanda na sauti ya mtu mwingine. Bibi alicheka kwanza. Halafu akauliza kama kijana yule alikuwa ametaja mahali popote ni arusi ya nani wimbo ule ulikotungiwa. Maneno hayo ya bibi mwandishi aliyaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa ndivyo yalivyosemwa. Sisi tuliyazungushia wino mwekundu, kwa sababu shindano lilikuwa la Kiingereza.

Insha ile haikupata zawadi. Ilikuwa karibu na mwisho katika orodha yetu.

Sheria inasema nini

Tuitazame sasa sheria yenyewe. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Kabla ya hapo, mwaka 1994, nchi yetu ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ndio msingi wa hakimiliki karibu duniani kote. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003.

Katika sheria hizi yamo mambo machache ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuyaelewa bila ya taabu. La kwanza ni kwamba haki huzaliwa pamoja na kazi. Haihitaji muhuri, ada wala usajili. Mtu akiisha kuandika kitu kilicho chake, analindwa. La pili ni kwamba kinacholindwa ni jinsi jambo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. Watu mia wanaweza kuandika juu ya bibi na mjukuu katika daladala, ila hakuna ruhusa ya kuchukua maneno ya mmoja wao. La tatu ni kwamba haki ya kiuchumi hudumu katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. La nne, ambalo husahauliwa sana, ni kwamba mbali na haki ya kupata fedha, mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe. Wanasheria huiita hii haki ya kimaadili.

Sasa tuirudie insha ya Mbagala. Bibi hakuuliza habari ya fedha. Aliuliza kama asili ya wimbo imetajwa. Kwa swali lile moja alikuwa ameigusa haki ya kimaadili, na mjukuu wake alikuwa ameieleza wazi kuliko insha yoyote katika bahasha zile mbili. Zaidi ya hayo, alikuwa ameibua swali gumu ambalo sheria yenyewe inalishughulikia katika sehemu maalumu juu ya sanaa za jadi: wimbo wa mdundiko ni wa manju aliyeutunga, au ni wa jamii inayoucheza? Mbona kuuimba arusini hakumuudhi mtu, lakini kuuimba kwa ajili ya kuuza kukamuudhi bibi? Haya ni maswali ya sheria. Sisi waamuzi hatukuyaona, kwa sababu tulikuwa tunatafuta namba za vifungu.

Masharti ya kushiriki

Chini kabisa ya tangazo la shindano, kwa herufi ndogo, palikuwa na sharti lililosema kwamba kila insha itakayopokelewa itakuwa mali ya waandaaji, nao watakuwa huru kuitumia watakavyo. Hatukulijali wakati ule. Masharti ya namna hiyo yamezoeleka, na anayeyaandika aghalabu hana nia mbaya. Hutaka tu apate nafasi ya kuchapa insha iliyoshinda katika kijitabu au katika kalenda, bila ya kuwatafuta washindi kila mara.

Hata hivyo, hapana budi tupambanue mambo mawili ambayo sharti lile linayachanganya. Kutoa ruhusa ni jambo moja, na kuhamisha mali ni jambo jingine. Mwenye shamba anaweza kumruhusu jirani apite, hata achume embe, na shamba likabaki lake. Mwandaaji anayetaka kuichapa insha anahitaji ruhusa ya kuichapa na si zaidi ya hapo. Anapotaka insha yote iwe mali yake, pamoja na zile zilizoshindwa, ambazo mwandishi wake hakupata hata kalamu, huwa amechukua kitu asichokihitaji kutoka kwa mtu asiyejua thamani yake. Tena amefanya hivyo katika shindano linalomtaka mtu huyo aeleze kwa nini kitendo hicho hakifai.

Madhara ya mazoea haya yanaonekana vizuri katika habari ya Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 Linda na wenzake walirekodi wimbo uitwao Mbube. Haki za wimbo huo alizitoa kwa shilingi kumi. Wimbo ulivuka bahari, ukabadilishwa maneno na kuitwa The Lion Sleeps Tonight, ukaimbwa dunia nzima na kuingizwa katika filamu ya watoto iliyoleta fedha nyingi. Linda alikufa maskini mwaka 1962, mwaka uleule aliokufa Shaaban Robert wetu. Binti zake walikuja kupata suluhu mwaka 2006, kwa sababu wanasheria walikuwa wamechimbua kipengele katika sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika himaya yake. Kwa kipengele hicho, haki alizokuwa ameziuza mtunzi zilirudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake.

Wanafunzi wengi wanaposimuliwa habari hii huona uchungu juu ya zile shilingi kumi. Ni vema waone uchungu, lakini haitoshi. Inafaa waulize pia jinsi Linda alivyozoezwa kuona kwamba ni jambo la kawaida kutia sahihi karatasi asiyoielewa na kuacha kila kitu kwa sababu ya kitu kidogo kilichowekwa mezani. Mazoea hayo hujengwa mapema. Mtoto wa miaka kumi na sita anayetia sahihi sharti lile la chini ya tangazo, naye mwalimu wake amesimama kando akimhimiza afanye haraka, anajengewa mazoea hayohayo.

Mada zilizopo mitaani

Kasoro nyingine ya mashindano haya ni mada zake. Mada isemayo "eleza umuhimu wa" huomba kukaririwa. Haina mtu ndani yake, haina mgogoro, wala haina upande wa pili. Mwanafunzi hana la kufanya nayo ila kuifungulia kijitabu. Na hali hiyo huzidi mada inapotolewa kwa lugha ambayo mwanafunzi hawezi kuitumia kusema jambo lake mwenyewe. Asiyeweza kujieleza hunakili. Hana njia nyingine. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Mashindano yanayohusu sheria hayana tena udhuru wa kumlazimisha kijana wa Tandika au wa Tandale aizungumzie haki yake kwa lugha ya kuazima.

Na mada nzuri hazihitaji kutafutwa mbali. Katika eneo la Morogoro Stores, Oysterbay, ndani ya Manispaa ya Kinondoni, wachoraji wa Tingatinga wanafanya kazi hadi leo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora kwenye mwaka 1968, akitumia vipande vya mbao laini za dari na rangi za kupakia baiskeli. Alikufa kwa risasi mwaka 1972. Jamaa zake na wanafunzi wake waliendeleza mtindo, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo mtindo ule unaonekana kwenye mashati, vikombe na kuta za hoteli mahali pengi duniani. Je, nani ana haki gani hapo? Sheria haimilikishi mtindo, humilikisha picha. Hakimiliki ya picha za Tingatinga mwenyewe, kwa hesabu ya miaka 50, ilikwisha mwaka 2022. Basi jina lake linalotumika kuuzia picha ambazo hakuzichora, ni la nani? Mwanafunzi akipewa swali hili, na nauli ya kwenda kuzungumza na wachoraji, hatakuwa na aya ya kunakili.

Chukua pia tafsiri. Mwalimu Nyerere aliifasiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka tafsiri yake ya The Merchant of Venice, yaani Mabepari wa Venisi. Kazi za Shakespeare hazina mwenyewe kisheria. Mtu yeyote aweza kuzichapa. Tafsiri ya Mwalimu ina mwenyewe, na kwa kuwa Mwalimu alifariki mwaka 1999, ulinzi wake utaendelea hadi mwaka 2049. Kwa nini nakala iwe na mwenyewe wakati asili haina? Mwanafunzi atakayelijibu swali hili atakuwa ameielewa hakimiliki kuliko aliyekariri tarehe za mikataba yote.

Tena wapo mafundi seremala wa Keko, wilayani Temeke, wanaoletewa picha ya kochi na mteja na kuambiwa watengeneze lililo sawasawa na lile. Wapo wachongaji wa Mwenge, ambao vinyago vyao vya Kimakonde vinafanana na vya baba zao kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Wapo wanaobuni maneno ya khanga, ambao hakuna anayewajua kwa majina. Wapo vijana wa singeli wanaokata vipande vya nyimbo za wenzao na kuviunga upya. Katika kila mfano kuna mtu anayeishi kwa kazi yake, kuna mwingine anayeitumia kazi hiyo, na kuna swali la haki kati yao. Wanafunzi wetu hupita mbele ya watu hawa kila asubuhi wakienda shule.

Majibu kwa wapinzani

Tunafahamu kwamba yapo ya kutujibu. Watasema baadhi ya walimu kwamba darasa lina wanafunzi wengi mno, na kwamba mwalimu hawezi kumwongoza kila mmoja katika uchunguzi wa mitaani. Hoja hii ni ya kweli. Lakini mashindano ya insha hayalazimishi kila mwanafunzi kushiriki. Ni afadhali kupata insha kumi za watu walioona jambo kuliko kupata bahasha mbili za aya moja.

Watasema wengine kwamba mwanafunzi wa sekondari hana budi kwanza akariri, ndipo afikiri. Sisi hatukubali. Anayejifunza kushona huanza na kitambaa, hata kama ni kibovu. Hakai miaka minne akikariri sehemu za cherehani. Ni kweli kwamba sheria ina maneno yake maalumu na kwamba mwanafunzi anapaswa kuyajua. Msichana wa Mbagala angefaidika sana kama mwalimu wake angemwambia kwamba jambo alilolieleza huitwa haki ya kimaadili. Lakini ni rahisi kumpa jina la jambo aliyekwisha kuliona jambo lenyewe. Ni vigumu zaidi kumwonyesha jambo yule aliyeshiba majina.

Na waandaaji watasema kwamba bila ya kumiliki insha hawataweza kuzichapa. Tumekwisha kuonyesha kwamba ruhusa inatosha.

Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu tunapendekeza mambo manne kwa shule, kwa halmashauri na kwa yeyote anayekusudia kuendesha mashindano ya insha juu ya haki za wabunifu. Kwanza, insha ibaki mali ya mwanafunzi, na mwandaaji aombe tu ruhusa ya kuichapa, kwa jina la mwandishi, kwa matumizi yatakayotajwa wazi. Pili, insha zote, zilizoshinda na zilizoshindwa, zirudishwe kwa wenyewe zikiwa na maoni ya waamuzi. Tatu, mada itokane na kazi ya ubunifu iliyopo pale anapoishi mwanafunzi, naye aruhusiwe kuandika kwa Kiswahili. Nne, mwanafunzi afundishwe kutaja chanzo cha kila anachokinukuu, na waamuzi walipime jambo hilo kabla ya kupima urembo wa lugha. Mapendekezo haya hayahitaji fedha. Yanahitaji tu kwamba tuitii sisi wenyewe sheria tunayowataka watoto waisifu.

Nasi walimu tuna deni la peke yetu. Bahasha zile mbili zilichukuliwa na waandaaji, wala hatujui ziliko. Hatukuweka nakala. Tulipokuwa tukiandika makala haya tulitamani sana kunukuu sentensi moja ya msichana yule, ile aliyoandika kwa Kiswahili, ambayo bado tunaikumbuka neno kwa neno. Sheria inaruhusu kunukuu kidogo kwa ajili ya uhakiki, mradi jina la mwandishi litajwe. Jina lake tunalikumbuka pia. Lakini hatukupata kumuuliza kama angependa litajwe, na yeye ndiye mwenye kulijibu swali hilo. Kwa hiyo tumeeleza habari yake kwa maneno yetu, na maneno yake tumemwachia mwenyewe.